Sauti Mbili Zenye Jina Moja

Kalemie, Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu, na mguu wako nao nausalimu. Je, sasa unashuka ziwani bila fimbo? Na Veneranda mdogo, mjukuu uliyempa jina lako, bado anaamka akimwita marehemu baba yake, Yaya Fidèle? Mimi niko muzima. Kazi ya kupiga chapa na fotokopi inaendelea, ila nyumba bila kaka yangu huyo imekuwa kubwa mno kwangu.

Mama, uliponipigia simu ukasema, "Ya mutoto nimeisikia. Yangu iko wapi?" nilikuahidi kuitafuta. Yaya alikuwa amekuambia, kabla hajafa, kwamba amemrekodia kila mmoja wenu, wewe na mtoto, sauti yake, kwenye mashini, ile kompyuta aliyofanyia kazi pale redio. Nilipozinakili kwenye flash niliyokutumia, mashini iliniuliza: faili yenye jina hili ipo tayari, niibadilishe? Niliona Veneranda na Veneranda, nikafikiri nairudia ileile. Nikakubali.

Baada ya simu yako sikukawia. Nilijua mashini ile ingefutwa yote jana, apewe mtangazaji mpya. Nilifika redio asubuhi mapema, nikamkuta Mama Odette, fundi wao, tayari ameketi mbele yake.

"Ngoja kwanza, Mama!" Nikamweleza. Akacheka.

"Papa, ulikubali bila kusoma? Weye unayepigia watu chapa kila siku?"

"Lakini jina njo moja, ni lilelile!"

"Kwa flash, ndiyo. Kwa hii mashini, herufi kubwa na herufi ndogo ni watu wawili. Angalia."

Zilikuwepo zote mbili. VENERANDA ni yako, veneranda ni ya mtoto. Unakumbuka Yaya alivyoandika jina lako kwa makaa kwenye mifuniko ya ndoo za samaki, herufi kubwa tupu, akisema mtu mkubwa haandikwi kwa herufi ndogo? Flash haikujua heshima hiyo. Ya mtoto ilikaa mahali pa yako, ikaifuta.

Mama Odette amenishauri nizipe majina yasiyofanana kabisa. Yako sasa inaitwa nkambo, kama mtoto anavyokuita. Ya kwake, mutoto. Flash mpya anakuletea jirani yetu muuza mihogo, anapanda boti kesho.

Nisalimie Mama mudogo Séraphine, na Papa katekista aliyetuombea siku ya mazishi. Mtoto mshike kichwani kwa niaba yangu.

Ilinibidi nihakikishe kwamba ni yako, Mama. Nikaifungua. Yaya akakohoa, akasema, "Mama." Nikaifunga hapohapo. Yaliyobaki hayakuwa yangu kuyasikia.

Mwanao,
Justin