Nimelichimba Neno la Waitaliano

Torino, Italia
Novemba 1984

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba mvua imeshafika huko kijijini Kabati. Goti lako je? Mwende, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Barua yenu ya mwisho iliniudhi. Eti Mjomba alisema mbele ya watu, "Hiyo Kiitaliano itamshinda. Atarudi tu, musiondoe kitanda yake." Nilikasirika zaidi kwa sababu ilikaribia kuwa kweli. Katika shule hii ya uuguzi, asiyeweza kusoma kwa sauti majina ya idara za hospitali haingii wodini, anarudishwa kwao. Mara ya kwanza nilikwama kwenye otorinolaringoiatria, yaani idara ya masikio, pua na koo. Darasa zima lilicheka. Nilirudi chumbani nikalia, sikufichi.

Halafu hasira ikanipanda. Mimi ni binti wa mwanamke anayeimbisha mwethya, kina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Nikakumbuka tunavyochimba matuta: wewe unatoa wimbo, majembe ya kina mama wote yanashuka pamoja, na hakuna anayekimbilia mwisho wa shamba. Nikashika ufagio nikaugonga sakafuni: o-to-ri-no-la-rin-go-ia-tri-a. Kila silabi na pigo lake, na pigo la pili kutoka mwisho nikalikazia, vile wewe hukazia kabla ya kutupumzisha. Jirani wa chini alilalamika. Niliendelea.

Ijumaa niliitwa tena mbele. Sikuwa na ufagio, kwa hiyo niligonga mguu. Mwalimu akanikatiza, "Hapa tunasoma kwa mdomo, si kwa mguu."

"Kwetu mdomo haufanyi kazi peke yake," nikamjibu, na mguu sikuuacha.

Nililisoma neno lile lote bila kujikwaa, na mengine yote aliyonitolea. Hakunisifu. Alinipa tu aproni ya wodini, nami nikaivaa palepale mbele ya waliocheka.

Nisalimie Baba, mchungaji wetu, na kina mama wa mwethya, hasa Nyanya anayeitikia kwa sauti kuwashinda wote. Mjomba pia msalimie. Sina kinyongo naye, au labda ninacho kidogo. Mwambie kitanda changu mkitoe, na hapo mahali muweke mahindi.

Ni mimi binti yako, niliye bado huku,
Mutheu