Uji wa Asubuhi ya Picha

Mama,

Binti yako Akinyi ako kwa benchi hapa hospitali ya Homa Bay na chupa mkononi, anakunywa kidogo kidogo vile ulikunywa wewe. Lakini yake ni maji tu. Nakuandikia nyuma ya ile bahasha kubwa ya picha zako za tumbo. Usicheke mwandiko, naandikia kwa goti.

Hiyo maji ilinikasirisha. Wewe walikuwekea dawa, ukasema ni chungu kuliko mwarobaini. Sasa Akinyi anatoa damu wiki ya tatu na wanampea maji? Nikafikiri wameona matope ya shamba la miwa kwa viatu yangu, wakajua hatuna pesa. Unanijua, mimi siulizi. Ulikuwa unaniambia, "Wuoda, mwanangu, mdomo si wa kula peke yake." Leo niliuliza mbona wewe dawa na yeye maji, nikiangalia sakafu.

Yule dada wa mashine ya picha akacheka. "Kaka, hatujamnyima." Wewe walitaka kuona mahali utumbo umefinywa, na hiyo dawa inaufanya ung'ae mweupe. Akinyi watamdunga ingine kwa mshipa, ndiyo damu ikivuja ing'ae. "Sasa utumbo ukiwa mweupe pia, nyeupe ndani ya nyeupe nitaiona aje?" Maji inabaki nyeusi kwa picha, damu inajitokeza. Nikatulia.

Halafu akauliza, "Amekula?"

Akinyi akasema hapana.

Mama, hata wewe ulisema hapana. Na asubuhi hiyo mimi mwenyewe nilikupea uji vikombe viwili, juu ulikuwa umekonda na kutoka Migori ni mbali. Hukudanganya. Kwetu mtu hajakula mpaka ale ugali, uji unapita tu. Nilikuwa nyuma yako. Nilitaka kusema, nikaona aibu. Kisha daktari akasema kuna kitu kwa picha, hajui ni uvimbe ama ni chakula, turudi tena. Hatukurudi. Ulienda kabla.

Sijaambia mtu. Hata anti Pamela sijamwambia, na leo ametoka na themosi yake, akamwekea Akinyi kikombe kimoja cha uji tukingoja gari. Nilikuwa naona. Nikanyamaza tena, Mama, tena!

Saa hii nimemwambia Akinyi turudi kwa yule dada tuseme. Amenikazia macho. "Wewe nyamaza. Watatufukuza, na mimi nimechoka kuvuja." Amechoka kweli. Midomo yake imekuwa kama jivu. Nikisema, labda leo hakuna picha. Nisiposema, watatuambia hawajui ni uvimbe ama ni chakula.

Nimesimama, nimekaa, nimesimama.

Pumzika, Mama. Kaburi lako nimelipalilia, maua ya Akinyi imeshika. Na hii nakuahidi, sitaongea na sakafu tena.

Wacha niende, mlango umefunguka na wanaita jina lake. Lazima nifike kwa yule dada kabla ya Akinyi niseme: amekunywa uji, kikombe kimoja, saa moja asubuhi.

Wuodi,
Ochieng