Nyuki Niliowalisha Jumapili

Jericho, Nairobi
Jumapili jioni

Mpenzi Mama Mwende,

Nakusalimu wewe na watoto. Je, kikohozi cha Mwende kimepoa? Na goti la Mama, linamruhusu kwenda kisimani? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii.

Unajua kazi yangu ni kufagia maabara na kuosha chupa. Nyuma ya jengo kuna mizinga ya masanduku. Baada ya mvua, mmoja uliugua. Watoto wa nyuki walikauka ndani ya masega, weupe na wagumu kama vipande vya chaki. Mkubwa wetu akasema uchomwe. Daktari Wafula, kijana anayechunguza wadudu, akamsihi amwachie.

Akaniita, akanionyesha kichupa cha maji meupe kama ya kuoshea mchele. "Hawa ni bakteria, Mzee Musyoka. Nimewatoa katika matumbo ya nyuki wazima."

"Bakteria si ndio ugonjwa?"

"Si wote. Hawa huzuia ukungu unaoua watoto wa nyuki. Sijui kama watafaulu mzingani. Tujaribu."

Tukawachanganya na maji ya sukari, tukawawekea nyuki. Jumapili hapakuwa na mtu wa kuwalisha, nikasema nitakuja mimi. Mama Mwende, Jumapili ndiyo siku inayonishinda. Nasikia sufuria za watu zikichemka, watoto wakiitwa kula, na mimi haniiti mtu. Jirani yetu Mama Zuhura, mtu wa Lamu, alinitania: "Baba Mwende, kila Jumapili waenda wapi umechana nywele hivyo? Umepata mke wa mjini?" Nikamwambia naenda kuona nyuki. Alicheka mpaka akaketi, kisha akanipa mahamri ya njiani.

Nilikuwa nakaa kando ya mzinga nikiwasimulia nyuki habari za nyumbani kwa Kikamba. Polepole vile vipande vyeupe walivyokuwa wakivitupa mlangoni vikapungua. Siku moja Daktari alifungua, akaniita nitazame. Watoto wanene wanaong'aa, wamejaa masega!

"Siwezi kuapa ni bakteria," alisema. "Huenda jua nalo limesaidia." Lakini alikuwa anatabasamu, nami nikamshika mkono kama ndugu yangu.

Leo nimekwenda, nikakuta kimya. Nimeinua kifuniko: hata nyuki mmoja hamna, wala mzoga. Wamepona, wakahama. Nimekaa pale kwenye nyasi nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilikukataza kuja kwa sababu chumba ni kidogo na tunaishi wanaume wawili. Nimezungumza na mwenzangu, atalala kwa kaka yake mtaa wa Ziwani. Shule zikifungwa, njoo na watoto. Hata kwa wiki moja.

Msalimie Mama. Msalimie mdogo wangu Mutua anayetuchungia mbuzi, na shangazi yako wa dukani.

Najua ni Mwende anayekusomea, na atakuwa ameshapita pale nilipolia. Mwambie Baba yake hajambo, asome tu mpaka mwisho.

Mumeo anayekungoja,
Musyoka