Redio ya Kabatini

Mjukuu wangu Zuhura,

Barua yako ya chuoni imefika. Sisi hapa Isevya tu wazima, ila miguu ya bibi yako bado inavimba. Unauliza kwa nini nilikukataza kufungua ile redio unayoiita mbovu.

Ilikuwa ya mama. Miaka ya vijiji vya ujamaa, nikiwa mwanafunzi wa ufundi, niliifungua kule Bukene nijue inavyofanya kazi. Ilikaa mkekani vipande vipande siku tatu. Siku hizo hizo likasomwa tangazo la kifo cha mjomba wangu, nasi hatukulisikia. Alizikwa Ziba bila dada yake.

Mama alipopata habari hakunigombeza. Nilipoiunganisha ikaanza kuimba, alisema tu, "Izime, mwanangu."

Haijawashwa tena. Si mbovu, Zuhura.

Babu yako