Mugongo ya foto yetu

Kapata, siku ya mungu

Dada Mbombo,

Ndugu yako njo alinipa adresi yako. Mi niko muzima, bukari inapita mu koo, magoti tu njo yanakataa.

Mafoto ya Kapata yenye nilikuwa nachunga mu valizi, binti yangu Stéphanie aliyaweka ku Internet. Sasa bantu banatuandikia kutoka Likasi mupaka Bruxelles: "Mama, ile njo nyumba yetu!" Niko na furaha kama mutoto wa komunyo ya kwanza.

Foto yetu na weye, sahani moja ku magoti, iko pale pia. Ku mugongo yake kuliandikwa "kilulu", na mushale ku upande yako. Stéphanie alizaliwa nyuma ya ile mambo. Aliwaza ni badudu ya kula, akaandika chini: "Batoto babili banakula bilulu." Bantu balicheka: "Ile ni muchele!" Mi pia nilicheka. Kisha nikatambua maandiko.

Ni yangu, Mbombo. Niliandika mu 93, wakati balifukuza bantu ya Kasai, mulikuwa ku gare munangojea treni ya kuwarudisha kwenu, na mu Kapata yote balikuwa banawatukana vile, bilulu, kama badudu ya kuharibu. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Sikukuja kukuaga.

Nimemwambia Stéphanie yote. Sasa chini ya foto kunaandikwa: "Mbombo, rafiki yangu." Mugongo tumeionyesha pia, na jina yangu kama mwandishi. Ukisema niifute, nitaifuta.

Ile muchele, mama yako njo aliipika.

Jirani yako,
Abigaëlle