Hati ya Baba Iliyolala Drooni

Stornoway,
Jumanne, 4 Machi

Kwa dada yangu Oighrig,

Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima, na theluji ya huko Halifax imeanza kuwahurumia. Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho nisichokielewa. Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua: ningekueleza nusu, halafu niulizie habari za watoto.

Baba bado yuko hospitalini tangu alipoanguka jikoni. Mfupa umeunga, akili haikurudi. Kiingereza chote kimemtoka, amebaki na Kigaeli kama alivyokuwa kabla ya kuanza shule. Jana alimwambia muuguzi mmoja, kijana wa Glasgow, kwamba ana mikono laini kuliko mchungaji wetu. Kijana akadhani anaomba maji, akamletea. Baba akaninong'oneza kuwa huyu ni mjinga, ila ana adabu.

Ofisa ustawi wa jamii anasema Baba hawezi tena kuishi peke yake, nami hilo silibishi. Kinachonichanganya ni mahali. Kuna nafasi katika nyumba ya wazee Inverness, bara, ng'ambo ya maji, ambako hakuna hata mfanyakazi mmoja anayejua Kigaeli. Hapa kisiwani huenda nafasi ipatikane kiangazi.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukuambiwa. Miaka miwili iliyopita Baba alikuja kwenye ofisi ya sheria ninakofanya kazi, kuandika hati ya kumteua mtu wa kumwamulia akae wapi na atibiwe vipi, siku ambayo hataweza kuamua mwenyewe. Nilikuwa nimeshaichapa, na penye jina nikaweka langu, maana naishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Bi Nicolson, mwanasheria mwenye ofisi, akanitoa nje, kwa kuwa lazima azungumze na mteja faraghani athibitishe kwamba anaelewa anachokifanya. Alipofungua mlango alikuwa anazuia kicheko. Akaniambia nifute jina langu, niandike lako.

Njiani nilimuuliza Baba sababu. Alijibu bila kugeuka kwamba mimi ni mtoto mzuri, lakini mtu yeyote mwenye kalamu akinitazama kidogo tu natia saini. Lakini Oighrig, akasema, atagombana nao mpaka waombe maji. Tena alikuwa ameagiza uongezwe mstari mmoja: atakayemwamsha asubuhi amsalimie kwa Kigaeli.

Ilibaki saini yako ya kukubali, kisha hati isajiliwe. Bila hivyo ni karatasi tu. Kukutumia ilikuwa kazi yangu. Dada, sikukutumia. Niliitia drooni, mwanzoni kwa uchungu, baadaye sijui kwa nini. Labda niliona kwamba ikiendelea kulala pale, Baba naye ataendelea kuwa mzima. Hati za watu wengine nilizituma siku hiyohiyo.

Na bado sijasema lililo baya zaidi. Ijumaa yule ofisa aliniita. Alikuwa mpole. Alisema familia ikikubali Inverness, mambo yatakwenda haraka. Nilifungua mdomo nimwambie kuhusu hati, akanisogezea fomu na kalamu. Nilitia saini. Hata nikamshukuru.

Baba atahamishwa tarehe kumi na nane. Leo asubuhi nilimweleza Bi Nicolson yote. Hakunifukuza, alisema tu nikae kabla sijaanguka. Ameshamwandikia ofisa kwamba hati ipo, na wasajili hukubali kuharakisha jambo la dharura. Unangojewa wewe. Fomu imo ndani ya bahasha hii, nimeweka alama ya penseli mahali pa saini. Ukikataa nitaelewa, ila niambie upesi. Ukikubali, isome yote kwanza. Mimi ile yangu sikuisoma.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Baba hulitaja jina lako kila akiona mtu ameshika kalamu. Ukishaituma, nipigie unigombeze, nitapokea.

Ndugu yako,
Torcuil