Kisiki Namba Nane

Bagamoyo, Tukuyu
Tarehe 16 Novemba

Ndugu yangu Fahadi,

Pokea salamu kutoka huku juu kwenye baridi. Afya yako ikoje, na joto la Kyela limekuzoea au bado? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mama yako nilimwona Jumatano akitoka sokoni, anatembea vizuri na lile goti halimsumbui kama zamani. Dada yako Safina naye hajambo, duka la vitenge linakwenda. Msalimie sana mjomba wako Zuber, umwambie kakao yake tunaisikia hadi huku kwamba mwaka huu imekubali.

Utashangaa kupata barua, wakati simu zipo na Kyela si mbali. Nilishafika stendi mara mbili nije kukuona. Mara zote mbili niligeuza, kwa sababu najijua: ningefika hapo, ungenikaribisha chakula, tungeongea habari za mpira mpaka gari la mwisho, na nilichokuja kusema ningerudi nacho. Kwa hiyo naandika.

Nianze na kazi. Tulipomaliza mafunzo mwezi wa tano nilidhani mtu akiwa na cheti cha kukata miti atagombaniwa. Wapi! Nilizunguka Nkunga nzima nikiuliza nani ana mti wa kuangushwa. Watu walitazama kofia yangu ngumu na miwani wakacheka, wakaniambia wana fundi wao wa miaka yote, anayekata akiwa na kandambili na hajawahi kukatika hata kidole. Mzee mmoja aliniuliza nimeshaangusha miti mingapi. Nilipomjibu sita, akasema yeye huangusha sita kabla ya chai.

Mwezi wa nane ndipo Mzee Ambilikile wa Lupepo aliponichukua kwenye kikundi chake. Unamfahamu, yule mrefu mwenye sauti ya kwaya. Kazi nyingi siku hizi hawapewi kama hawana mtu mwenye cheti, na yeye alihitaji mmoja. Miezi miwili ya kwanza nilikata matawi, nikanoa minyororo ya misumeno ya mashine na kubeba magogo. Chenso nilipewa kwa miti midogo tu. Sikulalamika. Kusema kweli nilifurahi kutopewa mikubwa, na sababu yake utaijua.

Mwezi uliopita tuliitwa kwa Bibi Esnath, mjane mmoja anayeishi peke yake. Alikuwa na mti mnene wa mlingoti ulioinamia upande wa jiko lake, na mvua zilipoanza akawa analala na wasiwasi. Mzee Ambilikile aliuzunguka, akaugonga, akatazama juu, halafu akanikabidhi chenso. Alisema leo ni zamu yangu, mti utalazwa kwenye chai iliyokwisha kung'olewa, mahali ni peupe, na yeye hataingilia. Bibi tulimwomba aende kwa jirani, akaenda akinung'unika kwamba ameacha maharage jikoni.

Nikakata pengo la mbele, upande wa kuangukia, vizuri. Nikageukia nyuma. Unakumbuka Mwalimu Beatrice alivyotuimbia kila siku kwamba kati ya pengo na mkato wa nyuma lazima ibaki ile kamba nyembamba ya mti, aliyoiita bawaba, kwa sababu ndiyo inayouongoza mti kama bawaba inavyoongoza mlango. Mimi nilikuwa natazama juu, naogopa, nataka liishe. Mnyororo ukapita moja kwa moja. Mti ukakaa kimya kidogo, kama mtu anayewaza, halafu ukajizungusha kwenye kisiki na kuondoka kuelekea migombani.

Fahadi, katikati ya ile migomba niliona kitenge cha njano.

Bibi alikuwa amerudi kwa njia ya nyuma kuepua maharage yake. Nilipiga kelele, lakini kwa mngurumo ule sidhani kama hata mimi nilijisikia. Ardhi ikatikisika. Majani yakafunika kila kitu na sikuona mtu. Nilikimbia nikiwa nimeiacha chenso inawaka chini, jambo ambalo pia tulikatazwa. Kabla sijafika nikasikia sauti inagomba kwa Kinyakyusa, kwa hasira kabisa, inauliza ni nani huyo mjinga anayemwangushia migomba. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye gogo, sufuria mkononi, hana hata mchubuko. Nilikaa chini pale pale kwenye matope nikalia mbele ya watu. Yeye ndiye aliyenishika bega, akawa anasema, "Ndaga Kyala, ndaga Kyala," anamshukuru Mungu, na akaniambia niinuke nitapata homa.

Mzee Ambilikile hakuja kwetu. Alikwenda kwenye kisiki. Nilipomfikia alikuwa anapitisha kidole gumba pale katikati, taratibu, palipokuwa laini kama meza.

"Bawaba iko wapi, Obed?"

Nikaanza kufuta matope kwenye suruali.

"Huu si mkono wa mtu aliyefaulu. Cheti ulikipataje?"

Ningeweza kusema ni woga tu. Badala yake nikamwambia nilikipata kwa kisiki cha mtu mwingine.

Mtu huyo ni wewe, Fahadi.

Rudisha mawazo kwenye siku ya mtihani, kule kwenye msitu wa mipaina. Tulikuwa kumi na wanne. Miti yetu miwili ilikuwa jirani, wangu namba saba na wako namba nane, na yote ilianguka mahali palipotakiwa. Wa kwangu ulianguka vizuri kwa bahati, maana nilikuwa nimekata mpaka mwisho bila kuacha bawaba. Magogo yakavutwa kando. Halafu ile mvua ikaja, ikafuta namba zote za chaki kabla visiki havijapewa alama. Ilipokatika, Mwalimu Beatrice akatuambia kila mtu asimame kwenye kisiki chake aandike upya. Wewe ulikuwa umeteremka mtoni kutawadha kwa ajili ya adhuhuri. Mimi nilikitazama changu, nikakitazama chako chenye bawaba safi iliyonyooka. Nikasimama kwenye chako, nikakiandika saba.

Ulivyorudi ukakuta kimebaki changu, ukasema unakumbuka uliacha bawaba. Ulinitazama mimi, si mwalimu. Nikajifanya nasafisha mnyororo, nikasema mvua imetuchanganya sote. Ukaniamini, ukafikiri umekosea wewe. Jioni yake ulinipa mkono wa pongezi na ukanibebea chenso mpaka kwenye gari. Hilo la kubebewa ndilo lililonisumbua kuliko yote.

Na kuna la pili. Mzee Ambilikile ameniambia kwamba wewe ndiye uliyemwomba nafasi ile kwanza, mwezi wa sita, akakukatalia kwa sababu hukuwa na cheti. Sikulijua hilo nilipoichukua. Lakini hata ningelijua, kwa jinsi nilivyokuwa wakati ule, siwezi kukuapia kwamba ningekuachia.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifukuza. Alichukua chenso akasema sitaigusa mpaka nikamweleze mwalimu mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilikwenda kesho yake. Mwalimu Beatrice akaomba cheti, akakichana vipande viwili mbele yangu na kuniambia kwamba nilikuwa natembea na kaburi la mtu mfukoni bila kujua la nani. Akasema na yeye ana kosa, angesubiri watu wote warudi kabla ya kuandika namba. Kwa wiki mbili nilikata migomba iliyovunjika kwa Bibi Esnath na kumpandia mingine, na jioni nilikwenda kwa mwalimu kufanya mazoezi kwenye magogo yaliyosimikwa. Juzi alinipeleka Nkunga, akanipa miti mitatu ya kuangusha. Wa kwanza bawaba ilikuwa nene mno. Wa pili upande mmoja mwembamba. Wa tatu alipima kwa rula, akapima tena, akasema sasa nimefaulu. Nilisikia mwili mzima umekuwa mwepesi, kama nimetua tenga la ndizi baada ya kupanda mlima nalo.

Lakini habari kubwa ni yako. Mwalimu amepeleka maelezo yote kwa wakubwa wake, kwa maandishi, na cheti chako kimeshaandikwa jina lako, na tarehe ni ya siku ile ile ya mtihani, siyo ya leo. Nimekiona kwa macho yangu. Anachotaka ni uje na kitambulisho usaini mwenyewe. Mzee Ambilikile naye anasema ana chenso ya pili isiyo na mtu, na kwamba ukija hutaanza na matawi.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Ukija ukasaini, ukapita bila kunisalimia, nitaelewa, na kama hutaki tuwe kikundi kimoja, mimi ndiye nitakayeondoka. Hilo nimeshamwambia mzee.

Bahasha sitaifunga. Naipeleka sasa hivi dukani kwa Safina, nitakaa kwenye benchi lake mpaka aisome yote, kwa sababu nyumbani kwenu wote wanaamini kwamba ulifeli, na nataka wajue kabla yako kwamba hukufeli. Akimaliza ataikabidhi kwa dereva wa gari la Kyela.

Nisalimie wote hapo, wakubwa kwa wadogo. Mungu akulinde na akufikishe salama ukiamua kupanda huku.

Ni mimi niliyekukosea,
Obed